Mwaka Ambao Mvua za Kufagia Hazikuja

Maiti ya Mama Odile ilikuwa bado mochari, na watu walikuwa wameshaanza kumsemea uongo. Chini ya turubai, mbele ya viti vya plastiki vya kukodi, tata mmoja, bwana mkubwa wa ofisini, alishika kipaza sauti akasema marehemu ameiachia Kolwezi msitu. Msitu! Nilikuwa nimekaa upande wa masufuria pamoja na akina mama wengine, tunachambua majani ya muhogo ya kutwanga sombe, nikacheka kwa pua mpaka jirani yangu akanikanyaga mguu. Kama kuna msitu, jamani, nionyeshwe nami nikapumzike kivulini, maana jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na Oktoba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mimi nilibeba maji ya huo msitu kichwani. Najua ulikoishia. Mama Odile angekuwa hai angemwomba yule tata akae chini anywe maji.

Akina mama walikuwa na habari nyingine. "Mama Trezor hajakuya," mmoja alisema, akikata vikonyo vya majani bila kuinua kichwa. "Ata leo? Ata kwa maiti?" "Nakwambia! Ule mama roho yake ilikauka kitambo." "Lakini ni jirani. Angekuya tu kukaa chini, bantu bamuone." Wakageuka kunitazama, kwa sababu wanajua niliwahi kuwa mtu wa nyumba ile. Nikasema sijui, nikaendelea kuchambua. Kusema kweli nilikuwa nimemkasirikia hata mimi. Asubuhi nilipita kwake ili twende pamoja, akanijibu dirishani kwamba nitangulie, yeye ana kazi. Kazi gani siku ya kilio? Mbele yangu Kazadi na vijana wenzake wa cité, mtaa wetu, ninaofanya nao kazi, walikuwa wakipanga viti, wote wamevaa fulana zilizochapishwa picha ya marehemu, hakuna aliyekosa, na moyo wangu ulijaa kuwaona. Nilitamani Mama Odile angewaona vile walivyopendeza.

Sitaeleza tulitoka wapi wala nani alimzaa nani. Huku kwetu karibu kila mtu ana babu aliyeletwa na treni kuja kufanya kazi ya mgodi, na hadithi hizo zinafanana sana. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, diploma yangu imelala ndani ya sanduku chini ya kitanda, na mimi mwenyewe nauza mandazi mbele ya parsele, kiwanja cha nyumba ya Mama Trezor, kwenye cité yetu kando ya Musonoi. Palikuwa mahali pazuri pa kuuzia kwa sababu ndipo walipopita wakreseri, vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono, wakienda na kurudi shimoni. Trezor mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikuwa mrefu, mcheshi, na kila alipopita alichukua andazi moja bila kuomba akaniambia, "Madame Diploma, andika ku deni ya serikali." Nilimtukana kila siku, na siku asipopita niliuliza yuko wapi. Mama yake aliliona hilo kabla yangu, akaanza kuniita ndani nile naye.

Nyumba ile ilikuwa na sebule ndogo yenye pazia jekundu, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na ufa mkubwa ukutani uliotoka dirishani ukashuka mpaka nyuma ya redio. Ufa ulikuwa wa baruti. Kila alasiri kampuni moja ilipasua mwamba upande wa pili wa kilima, nyumba ikatikisika, na vumbi la dari likadondoka. Tulizoea hivi kwamba mlio ulipokuja kila mtu aliifunika sahani yake kwa mkono, bila kukatisha maneno, kisha akaendelea kula. Wageni walishtuka na kusimama. Mama Odile hakushtuka. Siku ya kwanza tu alipokula kwetu, baruti ililia, naye akafunika sahani yake kama sisi, na Mama Trezor akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Alikuwa mfanyakazi wa jamii, na sisi tulimwita Mama Sosyal. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye viatu vya vumbi na mkoba ambao ndani yake kulikuwa na sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu. Watu wa ofisi wakija cité hupewa kiti kizuri na chupa ya soda, wakasema maneno yao, wakaondoka. Yeye aliuliza, "Munakula saa ngapi?" akarudi saa hiyo, na sahani yake, na samaki wa chumvi ndani ya karatasi ili asije mikono mitupu. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema, "Ku ofisi batoto bananijibu ile mi ninapenda kusikia. Hapa ku meza bananisahau." Ni kweli tulimsahau. Tulikuwa tunavunja bukari letu, ugali wa huku, tunagombana kuhusu mpira na kuhusu nani amempa nani mimba, na yeye yuko hapo, anatafuna polepole, anasikia yote.

Alikuwa ametumwa kutuzungumzia hali ya hewa inayoharibika, sisi vijana, ili tufanye kitu. Alileta picha kubwa za barafu inayoyeyuka, akaziegemeza kwenye redio. Trezor alizitazama mkono umejaa bukari. "Mama Sosyal, hii barafu ni ya nani? Sisi, mvula yetu njo inapotea." Mama Odile akamwambia amweleze. Akaeleza, na wote tukadakia, mpaka chakula kikapoa. Zamani, kiangazi kikiisha, zilitangulia mvua ndogo tulizoziita za kufagia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulaza vumbi tu. Ilikuja moja, siku zikapita, ikaja ya pili, ndipo mvua kubwa zikafuata baadaye. Wakreseri waliishi kwa mvua hizo. Baada ya mvua ya pili ya kufagia, kila kundi lilitoa kamba zake shimoni, likachinja kuku, likala pale pale mdomoni mwa shimo, kisha likaliziba kwa magogo mpaka kiangazi kingine. Huyo aliitwa kuku wa kamba. Aliyeondoka kabla ya kumla alionekana amewakimbia wenzake, na jina la mkimbizi halikumtoka tena. "Lakini sasa," Trezor alisema, "zile ndogo zinakuya saa zinapenda. Mwaka jana ilikuya moya tu. Tulibishana sana." Mama Odile alizikunja picha zake za barafu akazirudisha mkobani, na sikuziona tena.

Wazo la miti lilikuwa letu, sisi na yeye pamoja. Juu ya avenyu ya mwisho kulikuwa na mteremko mtupu, na kila msimu maji yalishuka hapo yakaingia nyumbani kwa watu. Tulidhani wachoma makaa ndio walioupara, maana walikuwa wamekwangua kila kilima cha kuelekea Kasaji, na ukitaka kuni ulitembea mpaka miguu ikavimba. Basi tuotesheni, tukasema. Mama Odile alitupatia miche ya akasia kwenye kitalu cha masista, akaenda kumwona chifu wa mtaa, akatutafutia majembe na bidoni, madumu ya maji. Lakini Mama Trezor hakujali miti hata kidogo. Nilikuwepo alipomwambia, mkono umeshika mwiko, "Mama Odile, miti ni kazi yako, sikatai. Mi nakuomba kitu moya tu. Unitolee mutoto mu shimo." Mama Odile akajibu, "Nitajaribu, mama." Mama Trezor hakulipenda lile neno. Alirudia kusonga bukari kwa nguvu mpaka sufuria ikahama mafigani.

Na alijaribu kweli. Hakumwambia Trezor aache shimo. Alimwambia kwamba yeye, mama wa ofisini, hajui kupanga watu, na kwamba vijana wanamsikiliza Trezor kuliko wanavyomsikiliza yeye. Trezor akawa mkubwa wa maji. Alitupangia zamu, alitukemea, alituimbisha tukipanda na bidoni kichwani, na asubuhi moja nilishtuka kugundua kwamba amepitisha siku nyingi akienda mteremkoni badala ya shimoni. Mama yake pia aliona. Hakusema neno, aliogopa kulisema likaharibika, ila bukari la Trezor lilianza kuwa kubwa kuliko la wengine. Nikikumbuka nyumba ile ilipokuwa na furaha, ni majuma hayo ya baridi ya Juni, vijana wamejazana kwenye makochi, matope miguuni, Mama Trezor anatufokea tusikalie vitambaa vyake.

Miche ilishika. Kotekote ilishika, isipokuwa katikati, ambapo ilianza kuwa ya njano. Mama Odile alifikiri ni kiu. Tuliongeza maji, tukatoa maji kwenye miche iliyostawi tukaipa ile iliyougua, nayo ikazidi kufa. Mwishowe Trezor aling'oa mmoja akautazama. Mizizi ilikuwa mifupi, ncha zake nyeusi kama zimeguswa na moto. Akafukua kwa kidole, akatoa kijiwe, akakitemea mate, akakisugua kwenye suruali. Kikawa kijani. Hakuna mtoto wa Kolwezi asiyeijua kijani ile, na hakuna asiyejua kwamba udongo wenye shaba nyingi unakataa miti. Tulikulia juu yake! Lakini macho yetu yalikuwa yamejaa wachoma makaa, tukaona upara tukadhani ni shoka. "Aka," Trezor alisema polepole. "Tumepanda juu ya shaba."

Nilimkimbilia Mama Odile siku ileile. Angeweza kuamua peke yake, na wengi wa ofisini wangeamua. Alitukusanya sebuleni kwa Mama Trezor, akafunga mlango, akasema, "Shamba ni yenu. Nitafuata ile mutaamua. Lakini kwanza kila mutu aseme ni nani anamuogopea." Si nani anamwogopa, hapana, bali anahofia ni nani atakayepatwa na mabaya. Tukaanza mmoja mmoja. Mmoja alimtaja dada yake aliyekaa avenyu ya chini, mwingine mdogo wake aliyekuwa akitoroka shule kwenda kuosha mawe. Trezor alisema mwisho. "Mi namuogopea mama yangu. Nikirudi mu shimo, yeye njo atatangulia kufa." Nyuma ya pazia la jikoni mtu alikohoa. Tukaamua kutochimba, kutomwambia mtu, kung'oa miche iliyokufa na kuendelea na iliyobaki. Mpaka leo ninaifundisha njia ile kwa vijana ninaofanya nao kazi, kwa sababu sijawahi kuona watu wenye njaa wakiamua vizuri vile.

Wala hakuna aliyesema. Nimesikia miaka yote hii watu wakimtafuta msaliti, wakimtaja huyu na yule, na ninakataa. Hakukuwa na haja ya msaliti. Ukisimama barabarani ng'ambo uliuona mteremko wote kijani, na katikati yake kitu cha njano kimetandikwa kama mkeka, mwanzo wake na mwisho wake vinaonekana. Sisi wenyewe kwa majembe yetu tuliuchora ule mkeka. Mnunuzi mmoja wa madini alisimamisha pikipiki yake pale, akatazama, akawasha sigara, akatazama tena. Kesho yake walikuja watu wenye mitarimbo na magunia. Waling'oa hata miche mizima ili wapate pa kumwaga udongo. Mama Odile alienda ofisi hii, akaenda ile, akarudi jioni na viatu vya vumbi na uso ambao sikutaka kuutazama. Aliambiwa ardhi ile ina wenyewe, na kwamba yeye kazi yake ni batoto, si mawe.

Trezor alikaa juu ya bidoni yake pembeni ya mteremko, siku baada ya siku, akiwatazama. Nilimpelekea mandazi, hakula. Kisha siku moja alikuja nyumbani saa ya chakula, akanawa, akasema anarudi kuchimba, na anachimba palepale. "Mi njo nilipanda pale. Mi njo nilileta maji. Sasa bengine banakula, mi niko naangalia kama mujinga?" Mama yake aliacha kumpakulia. Mimi nilikuwa mlangoni na karai langu la mafuta, nikaona Mama Odile anatua kipande chake cha bukari kwenye sahani ya bati. Nilimwomba Mungu amkataze. Hakumkataza. Alimuuliza, "Utatoka lini?"

"Mvula ya pili ya kufagia, kama siku zote. Tutakula kuku ya kamba, nitatoka."

"Na kama haikuye?"

"Mvula?" Trezor alicheka, kicheko chake kilekile cha kuniibia mandazi. "Mama Sosyal, mvula itakosa kuya itaenda wapi?"

"Umupe mama yako mukono," alisema Mama Odile. "Umuambie yeye." Akampa. Nadhani ilikuwa kazi nzuri, kazi aliyoisomea, kumfanya kijana aweke mwenyewe mpaka wake. Nimefikiria mara nyingi na sijui ningefanya nini zaidi. Lakini Trezor hakuwa mtu wa kuvunja neno, na neno alilotoa lilimshikilia shimoni badala ya kumtoa.

Septemba iliisha bila tone. Oktoba ikaingia na lile joto linalomfanya mtu agombane na kuku. Vumbi lilikaa hewani kama moshi, watoto wakakohoa, na kila mtu alitazama angani akasema bado, bado. Kila alasiri Mama Odile alipanda mpaka mdomoni mwa shimo akamwita. Trezor alitoka mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yaliyoonekana. "Mama, ya kwanza haijakuya, weye unaniitia ya pili?" "Toka tu, mwanangu. Mvula imeharibika, weye mwenyewe uliniambia." "Nilipeana mukono." Wenzake walikuwa wanasikiliza, na kuku alikuwa bado hajachinjwa. Angewezaje? Alirudi chini.

Siku yenyewe tulikuwa watatu mezani, Mama Trezor, Mama Odile na mimi. Sombe lilikuwa na karanga, nakumbuka, na lilikuwa na chumvi nyingi. Ukalia ule mlio, nyumba ikatikisika, na wote watatu tukafunika sahani zetu kwa mikono. Mama Odile alikuwa anasema kitu kuhusu mkutano, akaendelea kukisema. Vumbi halikudondoka. Tulikaa hivyo, mikono juu ya chakula, tukisubiri vumbi ambalo haliji, mpaka nikaona sebule imekuwa nyeusi. Mama Trezor ndiye aliyeelewa wa kwanza. Kiti chake kilianguka nyuma yake. Haikuwa baruti.

Haikuwa mvua ya kufagia wala ya pili wala ya kwanza. Ilimwagwa. Tulipofika chini ya mteremko, maji mekundu yalikuwa yanashuka na miche yetu, na magunia, na mlima wenyewe ulikuwa unatembea. Pale palipokuwa na mdomo wa shimo palikuwa laini. Tulichimba. Vijana wote wa kikundi walikuja na majembe yaleyale ya kupandia, kwa sababu hayo ndiyo waliyokuwa nayo, na Mama Odile alichimba katikati yetu kwa mikono, kitambaa chake cha kichwa kimeanguka, anaita Trezor, Trezor, kana kwamba amechelewa chakula. Walimtoa kesho yake pamoja na wenzake. Nilimtambua kwa suruali, ile aliyosugulia kijiwe. Sitasema zaidi ya hapo.

Kwenye kilio cha Trezor, Mama Odile alifika asubuhi na mapema, akavua viatu, akataka kuingia kukaa chini na akina mama. Mama Trezor alimzuia mlangoni. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Nilikuomba kitu moya," alisema. "Moya tu. Ukaniletea miti." Kisha akanigeukia mimi. "Ngalula, mumurudishie sahani yake." Niliitoa ndani, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mkobani, akatoka akakaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara. Alikaa hapo siku zote za kilio, juani, bila kula, na watu waliopita walimwonyesha kidole. Nilimchukia na nilimhurumia saa ileile, na nilijichukia mwenyewe kwa kumhurumia.

Baadaye wakubwa wake walitaka picha ya vijana mbele ya akasia zilizosalia pembeni. Alikataa. Picha ikapigwa bila yeye, na huo ndio msitu wa yule tata wa kipaza sauti. Yeye alirudi cité kwa miguu, akatukusanya kwenye bomba la maji kwa kuwa nyumba ya kukutania hatukuwa nayo tena, akasema hana mche hata mmoja, amekuja kuuliza tunataka nini. Tulinyamaza muda mrefu sana. Mwingine yeyote angejaza kimya kile kwa maneno, naye alikaa tu kwenye ukingo wa saruji. Ndipo akasema kijana mmoja wa kundi la Trezor, aliyepona kwa sababu siku ile alikuwa juu akivuta kamba. "Mi niliona wingu. Nilipaza sauti. Habakusikia. Kama kungekuwa na kitu ya kupiga." Aliposema hivyo akaanza kulia, na sisi wote.

Hiyo ndiyo kazi yake, na ninataka isemwe. Tulitundika jante, lile duara la chuma la gurudumu la lori, na nondo ya kuligonga. Tukajifunza mawingu, tukapima mvua kwenye chupa zilizokatwa, tukapanga zamu za kutazama anga mchana wote tangu vumbi la Agosti. Mama Odile hakuligonga hata mara moja. Alizunguka kutoka shimo hadi shimo, akakaa na wakubwa wa makundi, akanywa maji yao machafu, mpaka wakakubali kwamba jante likilia watu wote wanatoka na hakuna atakayeitwa mkimbizi, kuku wa kamba ameliwa au hajaliwa. Vijana wa mwanzo walizeeka, wakaja wengine, mimi mwenyewe nikasomea kazi yake kwa sababu yake. Jambo moja tu lilimshinda. Parsele ya Mama Trezor ndiyo iliyo juu kuliko zote, na kutoka hapo unaliona wingu tangu likiwa mbali. Tulimwomba tutundike pale. "Musinitundikie kengele ya mutoto wangu," alisema, akafunga mlango. Jante likabaki kwenye bomba, ambako kilima cha takataka za mgodi kinaziba nusu ya anga. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona wanawake wale wawili wakisalimiana.

Basi nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu, majani ya muhogo yamejaa beseni, wakati turubai la kilio lilipojaa upepo likainuka kamba zikalia. Harufu ya udongo uliolowa ikaja kutoka mbali. Yule tata alikuwa bado na msitu wake. Niliinuka, nikamtafuta Kazadi kati ya fulana zile nyeupe. "Nani yuko ku jante?" nilimuuliza. Akamtazama mwenzake. "Mi nilifikiri Ilunga." Ilunga alikuwa nyuma yake, kiti mkononi. "Mi nilifikiri weye." Ee Mungu wangu. Walikuwa hapo wote, hakuna aliyekosa, wamemvalia mama yao, na nje wakreseri walikuwa chini ya ardhi. Kazadi aliangusha viti. Hatujafika langoni, tukausikia mlio wa jante.

Haukuwa ugongaji wa vijana, ule wa harakaharaka. Ulikuwa mzito, wenye nafasi, kama mtu anayetwanga. Tulikimbia hadi kwenye bomba. Mama Trezor alikuwa amesimama chini ya jante, miguu mitupu, nondo ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kilio, iliyopigwa pasi, na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amejiandaa kuja.

"Niliona mashati yote imepita ku dirisha yangu," alisema bila kugeuka, akipumua kwa shida. "Yote. Nikasema, basi, nani amebakia?" Akagonga. Mteremkoni watu walianza kutoka, mmoja mmoja, weupe kwa vumbi, wakivutana kwa kamba, na matone makubwa ya kwanza yakaanguka juu ya chuma. Kazadi akanyoosha mkono apokee nondo. Hakumpa. "Weye uende ukamubebe mama yenu. Mi sijamaliza."

Tulisimama naye mvuani. Walitoka wote, wakubwa wa makundi wakahakikisha, kamba ya mwisho ikavutwa ikatupwa juu ya nyasi. "Mama," nilimwambia, "bote bametoka. Hakuna mutu mule tena." Alinisikia, najua alinisikia, kwa sababu alitikisa kichwa. Aliendelea kugonga.